Waya Wenye Sumu: Sony na Krismasi ya 2001

Leo naomba tuweke programu kando kidogo tuzungumzie waya. Naam, waya wa kawaida tu, ule unaounganisha kidhibiti cha mkononi na mashine ya michezo. Waya huo uliwahi kuitia Sony hasara kubwa, na kisa chake kinatuhusu hata sisi tunaounda programu.

Mwishoni mwa 2001, Krismasi ikibisha hodi, serikali ya Uholanzi ilizuia mashine za PS one zipatazo milioni 1.3. Kisa na maana? Nyaya zake zilikuwa na kadimi kupita kiwango kilichoruhusiwa na sheria za nchi hiyo. Kadimi ni metali iliyotumiwa sana kuipa plastiki rangi na kuifanya idumu. Ikiingia mwilini huharibu figo na mifupa. Hofu kubwa haikuwa kwa mtoto anayecheza, ilikuwa siku waya utakapotupwa jaani au kuchomwa. Mtu aliyewahi kuona nyaya zikichomwa ili shaba ipatikane anaujua moshi huo.

Sasa tazama ajabu. Nyaya zilitoka kwa muuzaji, naye muuzaji alinunua plastiki kwingine, na huyo wa kwingine akanunua rangi kwingine tena. Makao makuu walijua bei ya waya na siku utakapofika, lakini kilichomo ndani hawakukijua. Ikabidi nyaya zibadilishwe haraka, na msako wa chanzo cha sumu ukaendelea kwa miezi 18, viwanda zaidi ya 6,000 vikikaguliwa. Hasara inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya dola milioni 130. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulikuwa ghali.

Baada ya hapo Sony ilianzisha mpango ulioitwa Green Partner. Ukitaka kuiuzia vipuri, sharti kwanza ukaguliwe na uthibitishe kwamba hutumii kemikali zilizokatazwa.

Je, mpango kama huo una faida kibiashara? Subiri. Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya RoHS, ikidhibiti vitu sita katika vifaa vya umeme, vikiwemo risasi, zebaki na kadimi. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Siku hiyo ilipofika, Palm ililazimika kuacha kupeleka simu yake ya Treo 650 Ulaya kwa kuwa haikukidhi masharti. Simu ilikuwa nzima, wateja walikuwepo, lakini soko likafungwa. Kampuni iliyokwisha kujua kilichomo katika vipuri vyake haikuwa na sababu ya kuiogopa tarehe hiyo.

Sisemi kwamba usafi wa mnyororo wa ugavi huongeza mauzo papo hapo. Hakuna aliyenunua mchezo kwa sababu waya ni safi. Tena gharama za vipimo huwaumiza wauzaji wadogo kuliko wakubwa. Faida yake huonekana siku ya msukosuko, nayo si rahisi kuiandika katika hesabu za mwaka, ndiyo maana wakubwa wengi huiahirisha.

Na sisi je? Desemba 2021 kasoro ya Log4j ilipotangazwa, kampuni duniani kote zilikesha zikitafuta kama maktaba hiyo imo ndani ya programu zao. Wengi hawakujua. Walikuwa wameichukua ndani ya maktaba nyingine, iliyochukuliwa ndani ya nyingine tena. Ni waya wa Sony ule ule, safari hii bila shaba.

Basi leo kabla hujafunga tarakilishi yako, fungua mradi wako na uorodheshe vyote ulivyoazima kwa wengine. Ukikuta kitu usichojua kilitoka wapi, anza na hicho.