Joto kali: Usisubiri mzee aombe maji

MIEZI ya Desemba hadi Machi ni kipindi cha joto katika mwambao wa Tanzania. Jijini Dar es Salaam hali ya hewa hupita nyuzi joto 30 mchana, na unyevunyevu wa hewa huchelewesha jasho kukauka. Kijana huoga maji akapata nafuu. Kwa mzee, joto hilo laweza kugharimu uhai.

Kadiri umri unavyosogea, mwili hutoa jasho kidogo, moyo hushindwa kusukuma damu ya kutosha kwenye ngozi ili joto litoke, na hisia ya kiu hufifia. Mzee aweza kupungukiwa maji asijisikie kiu. Kwa hiyo kumwuliza kama ana kiu hakutoshi. Apewe maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Wapo pia wanaojinyima maji makusudi kwa kuhofia safari za chooni usiku. Hao wasaidiwe, wasikaripiwe.

Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zinazoongeza mkojo, hupunguza maji mwilini. Zisiachwe bila ushauri wa daktari. Mwenye maradhi ya moyo au figo aulizie kiasi cha maji kinachomfaa.

Nyumba ya bati isiyo na dari huwa kama tanuri ifikapo alasiri. Ni vema mzee ashinde barazani au chini ya mti penye upepo, avae nguo nyepesi za pamba, na shughuli za shamba au sokoni azifanye asubuhi. Feni husaidia zaidi ngozi ikiwa imeloweshwa.

Dalili za awali ni kizunguzungu, uchovu, kuumwa kichwa, kichefuchefu na mkojo mchache wenye rangi nzito. Mzee akianza kuweweseka, kuzimia au mwili kuchemka, hiyo ni dharura. Hapa wengi hukosea: kuweweseka hudhaniwa ni uzee, na mwili kuchemka hudhaniwa ni malaria tu. Awekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi na kupepewa huku akitafutiwa usafiri wa kwenda hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Agosti 2003, joto kali liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Wengi waliishi peke yao. Baadaye serikali iliagiza mamlaka za miji kuorodhesha wazee wanaoishi wapweke, ili wajuliwe hali nyakati za joto.

Mtaani kwetu orodha hiyo haihitaji ofisi. Majirani humfahamu bibi anayebaki peke yake mchana. Kumbishia hodi na kumpelekea maji ni kazi ya dakika chache.