Historia ya Kukaguliwa kwa Sera za Biashara za Kenya, Kutoka Berlin hadi Nyalenda

Nyalenda ni mtaa wa wakazi wa kipato cha chini ulio upande wa kusini wa jiji la Kisumu, ukishuka kuelekea ufuo wa Dunga, na ingawa jina lake ni nadra kutajwa katika mijadala ya biashara ya kimataifa, sukari, mchele, nguo za mitumba na samaki wanaouzwa vibandani mwake ni bidhaa ambazo bei zake hutegemea sana viwango vya ushuru na masharti ya uagizaji yanayopangwa mbali na hapo. Sera hizo hazijawahi kuwa shauri la Kenya peke yake. Tangu enzi za ukoloni zimekuwa zikiwekewa masharti au kukaguliwa na mataifa mengine, na historia ya ukaguzi huo inaonyesha kwamba mfanyabiashara mdogo alitazamwa kwa makini mara moja tu, mwaka 1972, kisha akarudishwa pembeni.

Msingi wa kwanza uliwekwa kabla mji wa Kisumu haujakuwapo. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulilitangaza bonde la Kongo pamoja na maeneo yaliyopakana nalo, Afrika Mashariki ikiwemo, kuwa eneo la biashara huru, yaani dola iliyotawala haikuruhusiwa kuzipendelea bidhaa zake kwa kuzitoza ushuru mdogo kuliko za wengine. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Victoria Desemba 1901, katika kituo kilichoitwa wakati huo Port Florence, ilifungua njia ya bidhaa za kila taifa kuingia Nyanza, na ndiyo sababu katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba kutoka Japani viliweza kuvishinda vya Uingereza ndani ya koloni la Uingereza lenyewe.

Baada ya uhuru, Kenya ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, maarufu kama GATT, ambao ulikuwa makubaliano ya mwaka 1947 ya kupunguza vizuizi vya biashara baina ya nchi. Hata hivyo sera iliyofuatwa nyumbani ilikuwa ya kulinda viwanda vichanga kwa ushuru mkubwa na kwa leseni za uagizaji, na chini ya ulinzi huo kiwanda cha nguo cha Kisumu, KICOMI, kilipata soko la ndani ambalo hakikulazimika kulishindania na nguo kutoka nje.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na wanauchumi Hans Singer na Richard Jolly, ulifika Kenya kuchunguza tatizo la ajira, na ripoti yake ikagusa sera ya biashara kwa ukali ambao haukutarajiwa. Ujumbe huo ulieleza kwamba ulinzi wa viwanda ulizinufaisha kampuni kubwa zenye mitambo ya gharama na wafanyakazi wachache, huku mafundi wa bati, wachuuzi na washonaji wa mitaani, waliopewa jina la sekta isiyo rasmi, wakifanya kazi halali yenye tija na kupokea malipo ya kufukuzwa na askari wa manispaa. Pendekezo la kuacha kuwasumbua watu hao na kulegeza masharti ya leseni lilijibiwa na serikali kupitia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1973, uliokubali mengi kwa maandishi. Utekelezaji ulikuwa jambo jingine.

Wakaguzi waliofuata walikuja na mikopo. Kuanzia mwaka 1980 Benki ya Dunia iliifungamanisha misaada yake na marekebisho ya uchumi, yaani kuondoa udhibiti wa bei, leseni za uagizaji na vizuizi vya fedha za kigeni, lakini serikali ilisitasita kwa zaidi ya mwongo mmoja, hadi wafadhili waliokutana Paris Novemba 1991 walipositisha misaada mipya. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 leseni za uagizaji na udhibiti wa fedha za kigeni vilikuwa vimeondolewa. Milango ilifunguka kwa haraka kuliko viwanda vilivyoweza kujiandaa: mitumba ikajaa katika soko la Kibuye mjini Kisumu, nacho KICOMI kikaporomoka katika mwongo huohuo. Ni kweli kwamba kiwanda hicho kilikuwa na matatizo ya usimamizi na ya upatikanaji wa pamba, kwa hiyo haitakuwa haki kuibebesha mitumba lawama yote, lakini vibarua waliopoteza ajira walihitaji mahali pa kujitafutia riziki, na uchuuzi ndio uliokuwa karibu.

Katika kipindi hichohicho ulizaliwa utaratibu rasmi wa ukaguzi wa sera za biashara. Uliafikiwa katika mkutano wa GATT uliofanyika Montreal Desemba 1988, ukaanza kutumika mwaka 1989, na ukawa wa kudumu Shirika la Biashara Duniani lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Nchi inayokaguliwa huandika ripoti yake, Sekretarieti ya shirika huandika nyingine kwa uhuru wake, kisha wanachama hukutana Geneva na kuuliza maswali, mengi yakiwa yametumwa mapema kwa maandishi. Mkataba wenyewe unasema kwamba ukaguzi huu haukusudiwi kuwa msingi wa kulazimisha utekelezaji wa wajibu wala wa kutatua migogoro.

Baada ya kukaguliwa chini ya GATT, Kenya ilikaguliwa peke yake mwaka 2000, kisha pamoja na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2006, 2012 na 2019. Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005 ulikuwa umeweka ushuru wa pamoja wa viwango vitatu, asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu na 25 kwa bidhaa kamili, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi, ambamo sukari, mchele na mitumba vimo. Jambo moja linalojitokeza ni kwamba Kenya imeahidi kikomo cha ushuru kwa takriban asilimia 15 tu ya bidhaa zake, nyingi zikiwa za kilimo zenye kikomo cha asilimia 100, hivyo mfanyabiashara hana uhakika wa kisheria kwamba ushuru wa leo hautapandishwa kesho.

Ukaguzi uliouma kweli haukutoka Geneva. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za kiafya, zikiwemo hofu ya kipindupindu na ya sumu iliyotumiwa katika uvuvi, na bei ya mbuta, yaani sangara, ikaanguka kwenye fuo. Ulaya ilipofungua tena soko lake, minofu ilirudi kusafirishwa, nao wakazi wa mitaa ya Kisumu wakaendelea kununua mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa vinavyobaki kiwandani, ambavyo wanawake huvikaanga na kuviuza. Vilevile, wakuu wa Afrika Mashariki walipoafikiana mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilianza mwaka uliofuata kuchunguza iwapo baadhi ya nchi hizo bado zilistahili nafuu za sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilikuwa imejiondoa katika mpango wa kuondoa mitumba, nayo Rwanda, iliyoshikilia msimamo wake, ikasimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Mchuuzi wa Kibuye aliokolewa na mabishano ambayo hakualikwa kuyasikiliza.

Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa biashara ya nje, na ikazikabidhi kaunti masoko na leseni za biashara, kwa hiyo ripoti ya Kenya inayopelekwa Geneva huandikwa na ofisi isiyosimamia soko hata moja la Kisumu. Tangu 2019 nchi za kundi la Kenya, zenye mgao mdogo wa biashara ya dunia, hukaguliwa kila baada ya miaka 7, muda unaotosha kabisa kwa wizara ya biashara kukaa na kaunti ya Kisumu, wauza samaki na wauza mitumba kabla ripoti inayofuata haijaandikwa, na kaunti isisubiri kualikwa.