Taswira: Mtu Anapotoka Kwenye Picha

Mwambie mchoraji wa Kindu unataka portre, atakuelewa mara moja. Neno hilo la Kifaransa limekaa mjini kama abiria aliyeshuka stesheni akapata shemeji, asirudi tena alikotoka. Kulipatia Kiswahili chake ndiko kunasumbua. "Picha ya mtu" ni pana mno, hata ya kitambulisho ni picha ya mtu. "Sura" inaishia usoni. Mimi hutumia "taswira", ingawa wanafasihi wamelishika neno hilo kwa picha inayojengeka akilini kwa maneno. Wataligawana nasi.

Ila mchoraji hodari hatafuti sura tu. Anatafuta kile kinachomfanya mtu awe yeye, na hapo "tabia" haitoshi, maana kwetu tabia huwa njema au mbaya. "Haiba" nayo ni mvuto. Mzee mchoyo, mwenye kinyongo, ana haiba gani? Na bado achorwe, kinyongo kionekane.

Familia inaleta picha ndogo ya pasipoti ya marehemu, inataka kubwa ya rangi kwa ajili ya matanga. Pua ipo, kovu lipo, kola imenyooka. Mjane anatazama, anasema: "Ni yeye, lakini hakutoka." Mchoraji mwenye akili habishani. Anauliza, "Mama, alikuwa anasikilizaje watu?" Kumbe aliinamisha kichwa kushoto, jicho moja likifumba nusu. Brashi inarudi kazini, mara hii shingoni.

Walega, ambao wengine wako Pangi katika mkoa huuhuu wa Maniema ilipo Kindu, waliliendea jambo hili kinyume kabisa. Katika chama chao cha Bwami kuna kinyago kiitwacho Sakimatwematwe, chenye vichwa kadhaa. Si sura ya fulani. Ni mwenye hekima anayeona pande zote, na huonyeshwa pamoja na methali yake. Tabia ipo, mtu wa kufanana naye hayupo.

Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi alisimama katikati. Patrice Lumumba wake unamjua kwa miwani, ndevu za kidevuni na mstari uliogawa nywele. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha 101 za historia ya Kongo, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili. Huko Shaba, jina la Katanga wakati huo, picha za aina hii ziliitwa ukumbusho: kilichotakiwa ni picha ikufikirishe, kufanana kukafuata nyuma.

Kwa hiyo kazi yenyewe naiita taswira, na sifa yake naiacha kwa kitenzi cha yule mjane: taswira iliyomtoa mtu. Kamati za istilahi hupenda nomino, na siku moja zitatuletea "utoaji-nafsi". Naomba wamuulize mama kwanza.