Majina ya Ubatizo na Maandiko Yake: Habari za Jina la Patrisi katika Unguja

Hapana mwalimu wa dini wala karani wa parokia asiyelijua swali hili. Wazazi waja na mtoto mchanga, wasema wamemchagulia jina la yule Mtakatifu wa Ireland ambaye sikukuu yake ni tarehe 17 Machi. Karani ashika kalamu, kisha auliza, "Niandike Patrisi, au Patriki, au Patrick?" Baba asema hivi, bibi yake mtoto asema vile, na msimamizi wa ubatizo naye ana lake. Watu hudhani ya kuwa ni jambo dogo la herufi moja au mbili. Walakini katika kisiwa hiki cha Unguja jina liandikwalo kitabuni halikuwa jambo dogo kamwe, na tukitazama habari za wazee wetu tutaona sababu yake.

Katika mwaka wa 1860 mapadre wa Kikatoliki, Wafaransa, walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Fava. Na mwaka wa 1863 kazi yao ikashikwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka wa 1864 akaja Askofu Tozer pamoja na Dk. Edward Steere, watu wa misioni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza. Siku zile watu walikuwa wakiuzwa na kununuliwa mjini, na soko lile halikufungwa hata mwaka wa 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulikomesha. Kwa hiyo wengi katika Wakristo wa kwanza wa hapa walikuwa watoto waliotolewa utumwani. Walikuwa na majina ya kwao, waliyopewa na mama zao bara. Lakini mtumwa huitwa apendavyo bwana wake, na majina mengi yalipotea njiani pamoja na jamaa na makabila.

Basi jina la kitabuni lilikuwa kwao kama ardhi mpya ya kusimamia. Katika watoto watano ambao Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer mwaka wa 1864 walikuwamo John Swedi na George Farajallah, nao mwaka wa 1870 walifanywa mashemasi wadogo. Cecil Majaliwa, aliyepata upadre mwaka wa 1890, alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kuwa padre. Tazameni majina haya: la kwanza ni la Kiingereza, la pili ni lile alilokujanalo mtu katika taabu yake. Farajallah ni faraja ya Mungu. Majaliwa ni neno ambalo kila Mswahili alijua. Hawakuyatupa.

Hapa ndipo shida ya maandiko ilipoanza. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa tangu zamani kwa herufi za Kiarabu, na katika herufi zile Farajallah lina maandiko yake yanayojulikana. Lilipotiwa katika herufi za Kirumi, huyu aliandika Farajallah, yule Farjallah, na mtu ni mmoja. Dk. Steere alijitahidi kuleta taratibu. Mwaka wa 1870 alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, akawafundisha vijana kazi ya kupiga chapa. Mwaka wa 1891 Biblia nzima ikapatikana kwa Kiswahili cha Unguja. Kwa njia hii majina kama Yohana na Petro yalipata maandiko yaliyojulikana na wote, kwa sababu kila aliyejua kusoma aliyaona katika chapa. Tena mwaka wa 1930 Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi ya kusawazisha maandiko, na Kiswahili cha Unguja ndicho kilichokuwa msingi.

Lakini Patrisi hayumo katika Biblia. Aliishi katika karne ya tano, na jina lake lilifika kwetu kwa vinywa vya wageni wa lugha mbalimbali. Yeye mwenyewe, akiandika kwa Kilatini, alijiita Patricius. Waairishi husema Pádraig, Wafaransa Patrice, Waingereza Patrick. Anayeandika Patrisi asogea kwa Wafaransa, ambao walifundisha Ukatoliki hapa. Anayeandika Patriki asogea kwa Waingereza. Baadaye Waairishi wenyewe walikuja: Askofu Heffernan alikuwa mkuu wa Vikarieti ya Zanzibar tangu mwaka wa 1932, akafuatwa na Askofu McCarthy mwaka wa 1946. Wala si ajabu kukuta jina moja lenye sura mbili au tatu.

Waairishi nao waliijua taabu hii. Mwaka ule ule wa 1864, Tozer alipofika Unguja, serikali ilianza kuandikisha kila mtoto azaliwaye Ireland. Aliyeitwa Pádraig nyumbani aliandikwa Patrick ofisini. Aliyeitwa Bríd aliandikwa Bridget. Nchi yao ilipopata kujitawala mwaka wa 1922, wengine walirudia maandiko ya wazee wao, na hata hayo yalisahihishwa tena katika miaka ya 1940.

Sasa tuangalie maana ya jina lenyewe. Patricius kwa Kilatini ni mtu wa ukoo mkubwa. Kwa lugha yetu twaweza kusema mwungwana. Na huyu mwungwana, alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na sita, alitekwa na wanyang'anyi, akavushwa bahari, akachunga wanyama miaka sita katika nchi ya Ireland, akiwa mtumwa. Akatoroka, akafika kwao. Kisha akarudi kwa hiari yake kuwafundisha wale waliomtesa. Na askari wa Coroticus walipowateka Wakristo wake na kuwauza, aliandika barua kali ya kuwalaumu. Nani katika Ukristo wote alistahili zaidi kutajwa katika kisiwa cha soko la Mkunazini? Mtoto wa mtumwa alipobatizwa kwa jina hili, aliitwa mwungwana mbele ya watu wote, ingawa pengine hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo, waalimu na wazazi, msibishane juu ya S na K kana kwamba moja ni ya haki na ya pili ni kosa. Zote mbili zina historia. Wala asichekwe mzazi apendaye maandiko yasiyo ya kawaida. Lakini akiisha kuchagua, jina liandikwe namna ile ile katika kitabu cha ubatizo, katika cheti cha kuzaliwa na katika daftari la shule. Mtu mwenye maandiko matatu hupata taabu kuthibitisha ya kuwa yeye ni mmoja, na wajukuu wake wakimtafuta hawamwoni. Wazee wetu wengi hawakuacha kaburi lenye jiwe wala shamba lenye hati. Waliacha mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo. Uandikwe vema, usomeke.