Ufundi Ndani ya Boksi: Historia ya Hotirodi za Plastiki za Kuunganisha nchini Marekani

Historia ya gari nchini Marekani kwa kawaida huanzia kiwandani: Henry Ford, mstari wa kuunganishia magari, na mshahara wa dola 5 kwa siku alioutangaza mwaka 1914. Insha hii inaanzia kwenye kitu kidogo zaidi, yaani boksi la karatasi ngumu lenye vipande vya plastiki. Mwaka 1960 kijana wa Marekani aliweza kulinunua kwa chini ya dola 2, na baada ya siku chache za gundi na rangi akawa na gari lisilofika urefu wa shubiri. Mara nyingi halikuwa gari kama la baba yake. Lilikuwa hotirodi, yaani gari kuukuu lililovuliwa madigadi, likapunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: ufundi ulioanzishwa na vijana wasio na fedha unapofungwa ndani ya boksi na kampuni na kuuzwa dukani, je, ufundi huo unaendelea kuishi au unageuka bidhaa tu? Hoja yangu ni kwamba sehemu yake iliishi, na iliishi kwa sababu ambayo kampuni zenyewe hazikuikusudia: vipande vilivyobaki.

Hotirodi kabla ya boksi

Ford Model T ilitengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yaliingia barabarani. Matokeo yake ni kwamba kufikia miaka ya 1930 Marekani ilikuwa imejaa Ford kuukuu zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1932 Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8 yenye nguvu farasi 65. Kabla ya hapo injini ya silinda nane ilikuwa mali ya magari ya matajiri. Magari hayo yalipoanza kugongwa na kuchakaa, injini zake nazo zilifika kwenye majaa ya vyuma.

Vijana wa kusini mwa California waliunganisha mambo hayo mawili. Walichukua bodi nyepesi ya zamani, wakaitia injini mpya zaidi, wakaondoa kila kitu kisichosaidia mwendo. Wengine walikata nguzo za paa ili paa lishuke na upepo usilizuie gari. Wengine waliongeza kabureta ya pili na ya tatu. Kisha walikwenda jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka kama vile Muroc, ambako ardhi ni tambarare kama sakafu, na huko wakapima mwendo. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana na kuunda Southern California Timing Association ili kuwe na kanuni na saa za kuaminika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa wamejifunza umakanika. Januari 1948 lilianza kutoka jarida la Hot Rod, lililoanzishwa na Robert Petersen. Mwaka 1949 mashindano ya mwendo ya hotirodi yalifanyika kwa mara ya kwanza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha National Hot Rod Association, shirika ambalo miongoni mwa malengo yake lilitaka kuwatoa vijana kwenye mbio za barabarani zilizokuwa zikiua watu.

Ninasisitiza historia hii kwa sababu inaonyesha hotirodi ilikuwa nini. Mwenye fedha alinunua gari la mbio. Asiye na fedha alilitengeneza. Elimu yake haikuwa kwenye kitabu cha kiwanda. Ilikuwa kujua kwamba giaboksi ya gari hili inaweza kukubali injini ya gari lile, na kwamba chuma kilichotupwa na mmoja ni mali ya mwingine.

Kutoka kwa muuza magari hadi dukani

Magari ya kuunganisha yalikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Revell ya California, iliyoongozwa na Lewis Glaser, iliuza mfululizo wa magari ya zamani ulioitwa Highway Pioneers. Yalikuwa madogo na mazuri, lakini yalimtaka mnunuzi aunganishe gari kama lilivyokuwa, basi.

Njia ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1948 wakili mmoja wa Michigan, West Gallogly, alianzisha kampuni ya AMT. Herufi hizo zilisimama kwa Aluminum Model Toys, kwa kuwa magari yake ya kwanza yalikuwa ya aluminiamu, lakini punde kampuni ilihamia plastiki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magari madogo ya matangazo yaliyopelekwa kwa wauzaji wa magari. Mteja aliyekuja kutazama gari jipya alionyeshwa rangi na umbo kwa kutumia gari dogo, na mwanawe huenda akaondoka nalo.

Hapa inafaa kueleza uchumi wa kazi hiyo. Plastiki ni rahisi. Kalibu ndiyo ghali. Kalibu ni chuma kigumu kilichochongwa kwa uangalifu mkubwa, ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu, ikapoa na kutolewa. Kalibu ikishachongwa, kila kipande kinachotoka humo kina gharama ndogo sana. AMT tayari ilikuwa na kalibu za bodi za magari mapya. Ilichohitaji ni kuongeza vipande vichache na kupata mnunuzi mwingine.

Mwaka 1958 kampuni hiyo ilitoa maboksi ambayo gari moja liliweza kujengwa kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari lililorembwa, au kama gari la mbio. Halafu zikafuata Ford za zamani, ikiwemo ile ya mwaka 1932, ambazo ndizo zilizopendwa zaidi na wajenzi wa hotirodi halisi. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa 1 kwa 25, yaani gari la mita 4 likawa la sentimita 16. Monogram ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1945 na Jack Besser na Bob Reder, ilikwenda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kutoa hotirodi za kipimo cha 1 kwa 8, ambazo mtoto alizibeba kwa mikono miwili.

Vipande vilivyobaki

Ukifungua boksi la namna hiyo unakuta vipande vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama matunda kwenye tawi. Kuna chesesi, ekseli, springi, injini yenye nusu mbili, mabomba ya ekzosi, viti, ringi na matairi. Kuna karatasi ya maelekezo yenye namba. Kijana hukata kipande kwa kisu kidogo, hukisugua kwa msasa, hukijaribu kabla ya kutia gundi, kisha hupaka rangi. Kwa kazi hiyo alijifunza kwamba kabureta hukaa juu ya injini na ekzosi hutoka pembeni, miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kushika usukani.

Lakini mvuto mkubwa, kwa maoni yangu, haukuwa katika kufuata maelekezo. Gari linaloweza kujengwa kwa namna tatu hujengwa kwa namna moja tu. Gundi ikishakauka, vipande vya namna nyingine mbili hubaki mezani: injini nzima, ringi nne, kabureta tatu. Hakuna kijana aliyevitupa. Aliviweka kwenye boksi la viatu, na aliponunua gari la pili, boksi hilo lilianza kufanya kazi. Injini ya gari la kwanza iliingia kwenye bodi ya gari la tatu. Ikiwa haikuenea, alichonga chesesi. Ikiwa paa lilikuwa refu, alilikata kwa msumeno mdogo na kulishusha.

Ndiyo maana ninasema ufundi uliishi. Boksi la viatu lilikuwa jaa dogo la vyuma. Kampuni iliweka vipande vya ziada ili gari moja livutie wanunuzi wa aina tatu. Kijana akavipata na kuvitumia kufanya kilekile walichofanya vijana wa California wa miaka ya 1930, yaani kuunganisha vitu ambavyo kiwanda hakikupanga vikutane.

Gari dogo linapozaa gari kubwa

Kampuni zilitambua mapema kwamba zilihitaji majina ya mafundi. AMT ilishirikiana na George Barris, mrembaji magari maarufu wa Los Angeles. Revell ilimchukua Ed Roth, aliyetengeneza bodi zake kwa faibaglasi badala ya bati. Gari lake la Beatnik Bandit la mwaka 1961 lilikuwa na paa la plastiki angavu lenye umbo la povu, na liliendeshwa kwa mpini mmoja badala ya usukani. Maelfu ya vijana waliolijenga gari hilo mezani hawakuwahi kuliona kwa macho. Kwao, gari dogo ndilo lililokuwa gari.

Mwaka 1968 mambo yalipinduka kabisa. Mchoraji Tom Daniel aliibunia Monogram gari liitwalo Red Baron, ambalo paa lake ni kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani. Halikuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya boksi. Lilipendwa kiasi kwamba fundi Chuck Miller alitengeneza gari la ukubwa kamili kwa kuliiga lile la plastiki, likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari. Injini ya ndege iliyokuwa kwenye boksi haikuwezekana, kwa hiyo likawekwa injini ya Pontiac. Hapo tunaona kwamba kitu kilichoanza kama nakala kilifikia kuwa asili.

Walioachwa nje ya boksi

Ningekuwa ninaandika sifa tupu kama ningeishia hapo. Ulimwengu huu ulijengwa kwa ajili ya wavulana. Mashindano makubwa ya vijana ya kuunda magari madogo, yaliyodhaminiwa na kitengo cha Fisher Body cha General Motors kati ya mwaka 1930 na 1968, yalitoa fedha za masomo ya chuo kikuu na yalifungua milango ya kazi. Charles Jordan, mshindi wa mwaka 1947, baadaye alisimamia ubunifu wote wa General Motors. Mashindano hayo yalikuwa ya wavulana tu. Msichana mwenye mikono mizuri hakuwa na fomu ya kujaza.

Vilevile, boksi lilichagua historia ya nani iuzwe. Wakati hotirodi zikijaa madukani, vijana wa Los Angeles wenye asili ya Meksiko walikuwa na ufundi wao: kulishusha gari mpaka likaribie kugusa lami na kuliendesha polepole. Sheria ya California iliyoanza kutumika mwaka 1958 ilikataza gari kushuka chini ya kiwango cha ringi. Mwaka uliofuata Ron Aguirre alijibu kwa pampu za mafuta zilizopandisha na kushusha gari lake apendavyo. Huo ulikuwa ubunifu mkubwa kama wowote uliowekwa kwenye boksi, lakini ilichukua miongo hadi magari ya mtindo huo yaingie madukani kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 Revell ilikuwa ikiyauza. Kabla ya hapo, vijana hao walinunua Impala ya kawaida na kuishusha wenyewe.

Kushuka kwa soko

Miaka ya 1960 ilikuwa kilele. Tayari katika miaka hiyo wazazi walikuwa na hofu juu ya vijana waliovuta harufu ya gundi, na mwaka 1969 kampuni ya Testor iliongeza mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili isivutike. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uligusa plastiki, ambayo hutokana na mafuta. Halafu michezo ya elektroniki ikachukua saa za jioni. AMT ilinunuliwa na Lesney ya Uingereza mwaka 1978, kisha ikahamia mikono mingine. Revell na Monogram ziliunganishwa mwaka 1986, na mwaka 2018 kampuni mama, Hobbico, ilifilisika. Jina la Revell likaendelea chini ya wamiliki wa Kijerumani. Kalibu nyingi za zamani bado zinatumika. Wanunuzi wa leo wengi ni wazee waliokuwa wavulana wakati huo, na bado wanabadilishana vipande.

Tathmini

Kwa hiyo, je, ufundi ulikufa? Kampuni zilichukua jina, sura na heshima ya hotirodi bila kuwalipa waliozibuni jangwani, na ziliamua ni vijana gani waonekane. Hilo ni kweli na lisifichwe. Hata hivyo, hazikuweza kuuza hotirodi bila kuuza pia ruhusa ya kubadilisha, kwa sababu hotirodi isiyobadilishwa ni Ford kuukuu tu. Kila boksi lilikuwa na vipande zaidi ya vilivyohitajika, na ziada hiyo ndiyo iliyomfundisha kijana kufikiri kama fundi wa jaa la vyuma.

Sisi tunaosoma historia ya teknolojia tumezoea kuuliza nani alivumbua na nani alinunua. Ninapendekeza tuulize pia nani alibakiwa na vipande, na alivifanyia nini.