Uso, Ushungi na Picha ya Kitambulisho

Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia iliyofika mlangoni petu. Kikundi cha wasikilizaji cha Choma, wilayani Igunga, kimeuliza hivi: Mwanamke Mwislamu afunikaye uso akienda kuandikishwa apate kitambulisho, je, ni haki kumtaka aufunue ili apigwe picha? Na akikataa, je, ni haki kukosa kitambulisho? Kikundi chenyewe hakikupatana. Wengine wamesema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wengine wamesema dini haivuliwi mlangoni kama viatu.

Kabla ya kujibu, yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kufunika kichwa ni jambo moja, na kufunika uso ni jambo jingine. Mtandio, ushungi na hijabu hufunika nywele na shingo, na uso huachwa wazi. Nikabu, ambayo vijana mitaani huiita ninja, hufunika uso na kuacha macho tu. Ugomvi mwingi juu ya picha hutokea kwa sababu karani hakujua tofauti hiyo, au aliijua akaidharau.

Sasa turudi nyuma, siku za misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaenda Ujiji. Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba 1857. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kwenda pwani hakuwa na kitambulisho cha picha. Alijulikana kwa kirangozi wake, kwa mtemi wake na kwa nyumba ya mama yake. Aliyetaka kujua yeye ni nani aliuliza watu, wala hakuuliza karatasi. Ushahidi wa mtu ulikuwa watu.

Katika siku hizo, kufunika uso hakukuwa jambo la kila mwanamke. Mabibi wa ukoo wa Sultani na wa Waarabu matajiri kule Unguja walivaa barakoa. Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuhamia Ulaya baadaye, ameyaeleza maisha ya mabibi hao katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Lakini mjakazi hakuwa na ruhusa ya stara kama ile. Alivaa kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi. Kwa hiyo kitambaa hakikuwa alama ya dini peke yake. Kilikuwa pia alama ya uungwana. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani walitaka nguo za watu huru: kanga za rangi, na baadaye buibui. Kujifunika kulikuwa kusema: mimi si mali ya mtu.

Ndugu wasikilizaji, tulishike neno hilo, maana ndilo ufunguo wa somo letu. Mtu akimwambia mwanamke wa kwetu, "Vua hicho," yule mwanamke hasikii habari ya nguo tu. Husikia pia habari ya heshima yake, na ya mama yake, na ya bibi yake.

Baada ya misafara yakaja makaratasi. Serikali ya Wajerumani ilitoa hati za uhuru kwa watumwa waliokombolewa, na kuanzia mwaka 1898 ikatoza kodi ya nyumba. Stakabadhi ya kodi ikawa karatasi ya kuwekwa vizuri, maana asiyekuwa nayo aliweza kusumbuliwa. Kenya, chini ya Waingereza, sheria ya mwaka 1915 ililazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 kuwa na kipande chenye alama za vidole, na sheria hiyo ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha bati. Harry Thuku na wenzake walikipinga, na mwaka 1922 akatiwa mbaroni. Kwetu Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na vijana wengi wa nchi za magharibi waliokwenda kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba.

Tazameni jambo moja katika habari hizo. Makaratasi hayo yalimtafuta zaidi mwanamume, kwa ajili ya kodi na kazi. Mwanamke alijulikana kwa jina la mumewe au la baba yake. Kenya haikuwaandikisha wanawake katika vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kwa hiyo kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza uso wa mwanamke, kwa sababu hakuna aliyemhesabu.

Na picha je? Picha iliingia kwa mlango wa vita. Mwaka 1914 mpelelezi wa Kijerumani, Carl Hans Lody, aliingia Uingereza kwa pasipoti ya Mmarekani aitwaye Charles Inglis. Pasipoti ile haikuwa na picha, basi nani angejua kwamba siye? Alikamatwa na kupigwa risasi London mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Baada ya hapo Uingereza ilianza kudai picha katika pasipoti, na mwaka 1920 mkutano uliofanyika Paris chini ya Shirika la Mataifa ulipendekeza pasipoti ya namna moja, yenye picha, kwa nchi zote.

Hapo swali letu likazaliwa. Huko Bara Hindi walikuwapo wanawake wengi waliotawishwa, Waislamu na hata Wahindu. Serikali ya Waingereza ikawasamehe: pasipoti ya mwanamke wa namna hiyo iliweza kutolewa bila picha yake. Baada ya Bara Hindi kugawanyika mwaka 1947, msamaha huo ulionekana tena katika pasipoti za kusafiria kati ya India na Pakistan. Basi si kweli kwamba serikali hazikupata kamwe kulikubali jambo hili. Lakini msamaha ule nao ulikuwa na kasoro. Pasipoti isiyo na uso aweza kuitumia mtu mwingine, na mwenye pasipoti ndiye anayedhulumiwa.

Mfano wa pili ni mchungu. Mwaka 1960, katika vita vya Algeria, jeshi la Ufaransa liliwakusanya wanavijiji katika kambi na kutaka kila mmoja awe na kitambulisho. Askari kijana, Marc Garanger, aliamriwa awapige picha. Kwa muda wa siku 10 alipiga picha za watu wapatao 2,000, wengi wao wanawake, na mkubwa wake akaamuru wafunuliwe. Hawakuwa na njia ya kukataa. Picha zile zipo mpaka leo, na macho ya wanawake wale yanasema yote: hasira, fedheha na dharau. Garanger mwenyewe alizitoa baadaye ili dunia ione. Algeria ikapata uhuru mwaka 1962. Hapa twajifunza kwamba jambo moja, kupiga picha ya uso, laweza kuwa huduma au laweza kuwa dhuluma. Hutegemea ni nani anayeamuru, kwa faida ya nani, na kwa njia gani.

Mfano wa tatu ni wa Marekani. Mwaka 2001 jimbo la Florida lilimpa mwanamke Mwislamu leseni ya udereva yenye picha ya nikabu, kisha likaifuta. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2003 hakimu akaamua kwamba akitaka leseni lazima aoneshe uso. Mwanamke huyo hakukataliwa dini yake, lakini alibaki bila leseni.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya kuandikisha na kutambua watu ni ya mwaka 1986. Daftari la kudumu la wapiga kura lilianza kuandikwa mwaka 2004, na kadi zake zikawa na picha. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na kitambulisho cha taifa kikazinduliwa mwezi wa Februari 2013. Mwaka 2015 wapiga kura waliandikishwa kwa mashine zinazochukua picha na alama za vidole. Tangu mwaka 2019 laini ya simu husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama ya kidole. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mama asiye na kitambulisho hapati laini kwa jina lake, hupata taabu benki, na hutegemea tena jina la mumewe, kama zamani.

Na kwamba nguo ya kichwani si jambo dogo wilayani Igunga, wengi wenu mwakumbuka. Mwezi wa Septemba 2011, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa ubunge, kulikuwa na madai kwamba kiongozi wa Serikali mwanamke alivuliwa hijabu yake katika vurugu. Mashtaka yalipelekwa mahakamani, na sisi hapa hatuhukumu kesi. Twasema tu kwamba habari ile iliwashtua watu nchi nzima, kwa sababu ile ile tuliyoitaja: anayevuliwa kitambaa kwa nguvu huona amevuliwa uungwana.

Basi tujibu swali la Choma.

Kwanza, juu ya mtandio na hijabu hakuna ugomvi. Kanuni za kimataifa za picha za pasipoti zataka uso uonekane toka kidevu mpaka paji la uso, na zinaruhusu kufunika kichwa kwa sababu ya dini. Sista wa Kikatoliki hupigwa picha na shela yake, na Kalasinga na kilemba chake. Karani anayemwambia mama avue mtandio wote anadai zaidi ya zilivyodai kanuni hizo.

Pili, juu ya nikabu. Wanavyuoni wa Kiislamu hawana kauli moja. Wako wasemao uso wa mwanamke si wa lazima kufunikwa, na wako wasemao yapasa kuufunika mbele ya wanaume wasio maharimu. Lakini wote wajua kwamba mwanamke aliye katika ihramu ya Hija hafungi nikabu, na vitabu vya fiqhi vinakubali uso uonekane palipo na haja, kama kutoa ushahidi au kutibiwa. Kitambulisho nacho ni ushahidi: ni ushahidi wa mwanamke juu ya nafsi yake. Bila uso, mtu mwingine aweza kusimama mahali pake, akapiga kura yake au kuuza shamba lake.

Kwa hiyo rai ya somo hili ni kwamba uso upigwe picha. Lakini jukumu la stara ni la ofisi, si la mwanamke. Awepo mpiga picha mwanamke. Pawepo chumba au hata pazia la turubai. Na baadaye, ukaguzi wa uso ufanywe na mwanamke kwa mwanamke. Pazia moja si gharama kubwa kwa Serikali. Kumrudisha mama nyumbani kwa miguu bila kitambulisho ndiyo gharama kubwa, na anayeilipa ni yeye.

Wako watakaosema: picha hiyo itaonwa na wanaume kila siku. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kuchekwa. Jibu lake ni kidole. Mahali penye mashine, kidole chatosha kumtambulisha mtu, na uso hauna haja ya kutazamwa. Ile alama ya kidole iliyowadhili wazee wetu katika kipande, leo yaweza kumsitiri mama.

Zamani mtu alijulikana kwa kuulizwa watu, nao waliulizwa kwa adabu. Mashine imechukua kazi ya kirangozi na ya mtemi, lakini adabu bado ni kazi ya binadamu.

Maswali ya kujadili kikundini: Moja, katika kituo chenu cha kuandikishia, je, yupo mwanamke anayepiga picha? Mbili, wangapi katika kikundi chenu hawana kitambulisho, na kwa sababu gani? Tatu, mngemshauri nini karani kijana asiyejua tofauti ya mtandio na nikabu? Katibu wa kikundi aandike majibu na ayapeleke kwa mratibu wa elimu wa kata.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.