Hali

Lori la mahindi likivuka kutoka Uganda pale Suam, likielekea Kitale, tamko lake la forodha huwa na hatua zake: limewasilishwa, limekaguliwa, limeruhusiwa. Waandishi wa programu huiita kila hatua hali.

Neno hili la asili ya Kiarabu lina kazi pia katika sarufi: -me- huonyesha hali timilifu, yaani tendo limekwisha na matokeo yake yangalipo. “Lilikaguliwa” ni habari ya jana. “Limekaguliwa” hutueleza tamko lilipo sasa.

Lugha ya Java, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, ina enamu: orodha funge ya majina. Hali zikiandikwa kama maneno ya kawaida, kosa la herufi moja hupenya kimyakimya. Zikiwa enamu, kompaila hulikataa jina lisilo orodhani kabla programu haijaendeshwa. Tena kila jina laweza kubeba kanuni yake: kutoka “limewasilishwa” huendi “limeruhusiwa” bila kupitia “limekaguliwa”.

Basi mwandishi wa programu anayetaja hali kwa Kiswahili aanze na -me-. Akishindwa kuliunda jina hivyo, aangalie tena: huenda ametaja tendo, si hali.